Kenchi Tisa za Nyumba ya Mwashi

Kumwonea wivu mtu aliye hai si kazi ngumu. Unamvizia, unasubiri ateleze, na siku akiteleza unapumua. Anayechosha ni marehemu. Hatelezi tena, hazeeki, hakoromi, na kila mwaka unaopita watu wanamwongezea sifa nyingine ambayo enzi za uhai wake hakuna aliyeiona. Nusu alikuwa anamwonea wivu marehemu. Alilijua hilo vizuri, na kulijua hakukumsaidia kitu.

Nusu ni jina alilopachikwa na mafundi wenzake kwa sababu ya ugomvi wake wa nusu sentimita. Mbao ikizidi nusu, anairudisha. Ikipungua nusu, anairudisha na maneno juu yake. Alikuwa seremala wa mapaa, mtu mwembamba mwenye penseli sikioni hata akienda msibani, na kwa kazi ya kenchi, zile pembetatu za mbao zinazobeba bati, hakuna aliyebishana naye. Mwaka uliopita alimwoa mjane wa mwashi, mwanamke mwenye macho makali na maneno machache. Pamoja na mke akapata nyumba isiyo na paa.

Nyumba hiyo Mwashi aliijenga kwa mikono yake mwenyewe, tofali moja moja, kila alipopata nafasi. Urefu mita tisa, upana mita sita. Alipandisha kuta, akamwaga zege la mkanda juu yake, akalaza mbao za ukutani, zile zinazokaliwa na kenchi, akazifunga kwa waya mnene. Baada ya hapo homa ikamlaza, na wiki ya tatu wakamzika. Kuta zikabaki wazi miaka minne. Majani yaliota sebuleni, mijusi wakahamia chumbani, lakini hakuna tofali lililocheza.

Sasa mambo yalikuwa yamebana. Mvua zilikuwa mlangoni, na mwenye vyumba viwili walivyopanga alishawaambia watoke mwisho wa mwezi, mwanawe anaoa. Kwa hiyo paa lilitakiwa, na lilitakiwa haraka. Mbao zilinunuliwa, kenchi tisa zikaungwa chini uwanjani, zikaegemezwa ukutani zikisubiri kupandishwa.

Moyoni mwake Nusu alitaka jambo moja tu, na haya ya kulitamka ilimzuia. Kuta ni za yule, alijiambia, haya, zimekwisha kuwa zake. Lakini paa liwe langu. Mke wangu akilala chali asubuhi kabla hajaamka sawasawa, akatazama juu, akutane na mkono wangu.

Hata hilo dogo watu hawakutaka kumwachia. Kila aliyepita uwanjani aliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayenunua chungu, akatikisa kichwa. "Mwashi alikuwa na mkono, bwana!" Aliyezidi wote ni wifi wa mkewe, dada wa Mwashi, aliyekaa nyumba ya pili. Huyu alimwita Nusu shemeji, ingawa ukiufuatilia undugu wao utachoka njiani. Kila asubuhi aliegemea ua na kikombe chake cha chai na kuanza. "Kaka yangu alikuwa akiweka tofali hata halihitaji udongo." Nusu alikuwa akijibu "Ehe," huku anauma meno.

Jumatatu asubuhi alipanda ngazi na msaidizi wake, mtu mnene wa makamo aliyeitwa Polepole, ambaye wamefanya kazi pamoja miaka kumi na moja na hajawahi kuonekana akikimbia, hata siku ile ya nyuki. Mbao za ukutani zilikuwa zimefunikwa nailoni nzito kutoka mwanzo hadi mwisho, imefungwa kwa waya kila hatua. Nusu alishangaa kidogo. Nani kajali mbao kiasi hiki? Akakata waya, akaivuta nailoni, akapuliza vumbi.

Mbao zilikuwa zimekwisha pimwa.

Alama zilikwaruzwa kwa ncha ya msumari, halafu zikafuatishwa kwa penseli. Mstari mmoja mwembamba, na upande wa kulia wa kila mstari msalaba mdogo wa kuonyesha kenchi ikae upande gani. Nusu alichukua tepu, akaibana kwenye ncha ya mbao upande wa mlango, akaivuta. Mia na ishirini. Mia mbili na arobaini. Mia tatu na sitini. Aliyepima alivuta tepu mara moja kutoka ncha moja, wala hakuinyanyua na kuanza upya kila alama kama wafanyavyo wazembe, ambao wakikosea unywele hapa na unywele pale hujikuta mwisho wa nyumba wana kenchi isiyo na ukuta. Akavuka ukuta wa pili, akapima tena. Alama za huku zilitazamana na za kule bila kupishana hata nusu.

"Alama nzuri hizi," Polepole akasema, akiwa ameinama juu yake anahema. "Kama zako."

"Kama zangu vipi?"

"Basi tu. Kama zako."

Nusu alikuwa amefika mwisho wa ukuta, upande wa nyuma, na alichokiona huko alikipima mara mbili. Nafasi saba za kwanza zilikuwa za sentimita mia na ishirini. Ya nane, ya nyuma kabisa, ilikuwa sitini. Nyuma ya nyumba kulikuwa na uwanja mtupu mpaka barabara kuu, na upepo wote wa mtaa ule ulitokea huko.

Sasa, mita tisa ukizigawa kwa mia na ishirini lazima zibaki sitini mahali fulani. Mafundi wengi huiacha hiyo sitini popote tepu inapoishia. Kuipeleka makusudi upande wa upepo, ili kenchi mbili za mwisho zisaidiane kulishika bati lisinyanyuke, huo ulikuwa ujanja wa Nusu. Hakufundishwa na mtu. Aliugundua mwenyewe baada ya paa la ghala fulani kung'oka na kulala barabarani, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumkuta fundi mwingine anaufanya. Ulikuwa ndio utajiri wake.

Na huyu alikuwa nao. Mwashi! Mtu wa udongo na mwiko! Nusu alikaa juu ya ukuta, miguu inaning'inia. Kwa hiyo yule mtu amenitangulia kila mahali, akawaza. Kanitangulia kwenye kiwanja, kanitangulia kwa mke, na hata hiki kimoja nilichodhani ni changu, kumbe yeye alikwisha kikwaruza hapa kwa msumari na kukifunika nailoni, akaniachia nikikute.

"Shemeji!" Wifi alikuwa ameshafika uani na kikombe chake. "Umeziona alama? Wewe zifuate tu, usijisumbue kupima. Zimepimwa vizuri hizo, mimi mwenyewe nilishika tepu!"

"Nimeziona," Nusu akasema.

"Kaka yangu angefurahi."

Hapo ndipo chai ya wifi ilimtumbukia nyongo ingawa aliyekuwa akiinywa ni wifi. Akashuka, akasema jua kali, akaenda kunoa vyuma ambavyo havikuwa butu. Siku hiyo haikupanda kenchi hata moja.

Jioni walikula kwenye meza yao, na hiyo meza inastahili kutajwa. Ilikuwa meza ya ovyo kuliko zote zilizowahi kukatiza mbele ya macho ya seremala. Miguu minne, na kila mguu na urefu wake. Ukiegemea huku, bakuli linasafiri kule. Chini ya mguu mmoja kulikuwa na kipande cha boksi kilichokunjwa mara tatu. Tangu aoe, Nusu aliomba zaidi ya mara moja airekebishe, dakika kumi tu, na mkewe kila mara alijibu "Iache hivyo hivyo." Akafikiri ni meza ya kununua barabarani, na kwamba mkewe ana huruma na vitu vibovu. Jambo ambalo, siku za huzuni, alidhani ndilo lililompatia yeye ndoa.

Mkewe alikuwa anamtazama. Alikuwa na uchangamfu usio wa kawaida, kama mtu aliyeficha zawadi nyuma ya mgongo, na hakugusa chakula chake.

"Umefungua nailoni leo?"

"Nimefungua."

"Umeziona alama?"

"Nimeziona."

"Basi unasemaje, Fundi?"

Alimwita Fundi hata ndani ya nyumba, na siku nyingine jina hilo lilimpendeza. Leo lilikuwa chumvi kwenye kidonda. Anataka nimsifu, akawaza. Nikae hapa, kwenye chakula changu, nimsifu mume wake wa kwanza kwa kazi yangu mimi.

"Zipo zipo tu," akasema.

Mkewe alisubiri kidogo, kana kwamba sentensi ina mkia unaokuja nyuma. Haukuja. Akavuta bakuli lake, akaanza kula, na uso ukajifunga. Naye Nusu, alipouona uso ule umefungwa, alisema moyoni, umeona? Umemgusa marehemu wake. Usiku kucha akalala akiwa ameupa ukuta uso.

Jumanne alikwenda kazini na randa.

"Randa ya nini?" Polepole akauliza. "Kenchi ziko tayari."

"Alama zimekosewa."

"Zimekosewa wapi?"

"Zimekosewa, bwana. Nani fundi hapa?"

Polepole hakubishana, kwa sababu kubishana kunachosha. Lakini Nusu alipogeuza mgongo kutafuta mahali pa kuanzia, Polepole alivuta tepu taratibu, akapima alama tatu, akairudisha mfukoni. Kisha akakaa juu ya tofali kutazama kazi ambayo hakuielewa.

Nusu alipiga randa alama zote za katikati, saba ukuta wa huku, saba ukuta wa kule. Za kwenye ncha mbili za nyumba aliziacha, maana kenchi ya mwanzo na ya mwisho hazina pengine pa kukaa. Msumari ulikuwa umeingia ndani, ikabidi arudie mara tatu, mara nne, mpaka mbao ikabaki nyeupe kama jino. Maranda yalidondoka chini sebuleni juu ya majani. Aliyaona baadhi yamebeba kipande cha msalaba, mguu hapa na mguu pale, na aliona raha, raha mbaya ya mtu anayekuna kipele huku anajua kitatoa damu.

Halafu akapima upya. Na kwa kuwa yule alianzia mbele, yeye akaanzia nyuma. Alama zake zikaja na mia na ishirini kutoka upande wa upepo, na ile sitini ikaangukia mbele, mlangoni, mahali ambapo haikuwa na faida kwa mtu. Aliiona. Msifikiri hakuiona. Mkono ulimsita kwenye alama ya kwanza, penseli ikabaki hewani. Paa halitaanguka, akajiambia. Nitaongeza misumari. Na mstari akauchora, kwa sababu kufuata ujanja wake mwenyewe siku hiyo kulimaanisha kumfuata Mwashi.

Kufikia Jumatano mchana walikuwa wamesimamisha kenchi nne kutoka nyuma, zimenyooka kwa timazi, zimeshikizwa kwa mbao za mshazari zisilale. Mkewe akaja na chakula. Aliweka bakuli juu ya rundo la mbao, akainua macho, akaziba jua kwa kiganja. Nusu, akiwa juu, alimwona midomo ikicheza. Alikuwa anahesabu.

"Fundi. Mbona huku nyuma umeacha pana?"

Nusu alidhani hakusikia vizuri. "Pana wapi?"

"Hapo. Ya mwisho na ya pili yake. Upepo si unatoka huku? Hapo si ndipo zinapotakiwa kusogeleana?"

Alishuka ngazi nusu, akasimama. Ujanja wake! Mkewe anausema kama mtu anayesema bei ya chumvi! Wivu ukamjaa mpaka masikioni. Kumbe marehemu alikuwa na muda wa kukaa na kumweleza mkewe hata mambo ya nafasi za kenchi.

"Nani kakwambia habari hizo?" akauliza, na sauti haikutoka vizuri.

"Wewe."

"Mimi?"

"Wewe, si ndiyo. Pale shuleni." Mkewe alimwashiria kwa kidole, maana alikuwa anaanza kukasirika. "Darasa la mwisho, lile la karibu na kiwanja cha mpira. Ulikuwa juu unamgombeza Polepole huyu hapa. Ukamwambia, upande unaopigwa na upepo kenchi zisogeleane kama watu wanaosikia baridi. Nilikuwa chini na ndoo ya misumari. Hukuniona."

Ni kweli walikutana shuleni. Mkewe alikuwa mtunza stoo pale wakati Nusu anaezeka madarasa manne, na kwa miezi minne Nusu alimjua kama mkono unaotoa misumari kwenye dirisha dogo. Alianza kumtazama usoni mwezi wa tano. Hakuwahi kujiuliza yeye mwenyewe alianza kutazamwa lini.

"Nakumbuka mimi," Polepole akasema kutoka juu. "Alinigombeza kweli."

"Kwa hiyo zile alama..." Nusu akaanza.

"Nilizipiga mimi. Wifi kashika tepu, mimi nimeshika msumari, Jumapili mbili. Sikuwa na fundi. Nilikuwa nimechoka kungoja wanaume waje kunionea huruma, nikasema huyu mtu anayepiga kelele juu ya paa, nitamwangalia mpaka nijue. Mchana nakuangalia, jioni naandika. Tepu usiinyanyue, anzia mbele, msalaba upande wa kulia, pengo dogo upande wa upepo. Nikafunika nailoni zisifutike. Halafu ukanioa. Nikasema sitamwambia. Siku atakayopanda ataziona mwenyewe, atajua."

"Nilidhani ni za marehemu," Nusu akasema hatimaye.

"Marehemu?" Mkewe alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Marehemu alikuwa mwashi! Mbao na yeye walikuwa maadui. Hiyo meza unayolia kila siku unafikiri nani kaitengeneza?"

Nusu aliishika ngazi. Meza! Miezi kumi na minne ameiegemea kwa viwiko vyote viwili, bakuli likimkimbia, na jibu lilikuwa pale pale juu ya boksi lililokunjwa mara tatu. Alikuwa amebeba wivu mzito hivi, na ghafla hakukuwa na mtu wa kumkabidhi.

Lakini mkewe alikuwa ameshaanza kupanda. Alikusanya nguo kwa mkono mmoja, akampita kwenye ngazi bila kumgusa, akafika juu ya ukuta, akainama pale ilipokuwa alama yake ya pili. Hakuna kitu. Akasogea kwenye ya tatu. Akapitisha kiganja juu ya mbao, kwenda na kurudi, kwenye ule ulaini.

"Umepiga randa," akasema.

Polepole akaanza kuchunguza kucha zake.

"Zilikosewa?" mkewe akauliza. Hasira yote ilikuwa imemtoka, na kilichobaki kwenye sauti kilikuwa kibaya zaidi. Alikuwa anauliza kweli. Alikuwa anamuuliza fundi. "Niambie tu. Nilipima mara tatu, lakini mimi si fundi. Nilikosea wapi?"

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa. Neno moja tu, "kidogo", na mkewe angeamini, maana nani fundi hapa? Angeshuka na aibu yake, angeacha kuhesabu kenchi za watu, na Nusu angebaki bwana wa paa kama alivyotaka. Polepole asingesema kitu, kusema kunachosha. Neno lilikuwa tayari mdomoni, lina utamu wake.

"Hazikukosewa," Nusu akasema. "Hata nusu."

"Sasa kwa nini?"

"Nilidhani ni mkono wake. Niliona wivu." Alisema akiwa anatazama ngazi. "Nikazifuta, nikaanzia nyuma ili nisimfuate."

"Ukaweka pengo dogo mlangoni."

"Ndiyo."

"Ukijua upepo unatoka huku."

"Nikijua."

Mkewe alikaa juu ya ukuta wa mume wake wa kwanza akamtazama wa pili. "Na ungejua ni zangu ungeziacha," akasema taratibu. "Mbao ile ile, kipimo kile kile. Jumatatu nimekaa pale mezani nakusubiri kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani, wewe unaniambia zipo zipo tu. Ungeuliza tu. Nani kapima? Maneno mawili, Fundi."

Akashuka. Akachukua lile bakuli la chakula, akazunguka mpaka chini ya mahali alipokaa Polepole, akamwinulia. "Kula, shemeji," akasema, na akaondoka. Polepole alimtazama Nusu, akatazama bakuli, akala.

Mchana ule walizishusha kenchi tatu. Ya nyuma kabisa waliiacha, ilikuwa mahali pake. Kung'oa misumari yako mwenyewe ni kazi chungu, hasa ukiwa umeigongea kwa nguvu ya ziada. Wifi alikuja uani, akaangalia, akauliza kulikoni, na Nusu akamwambia ukweli ulivyo, kwamba alifuta alama akidhani ni za kaka yake. Wifi akajimwagia chai kwa kucheka. "Kaka yangu! Kaka yangu na tepu! Alikuwa anapima kwa hatua za miguu!" Ilikuwa mara ya kwanza Nusu kumsikia akimsema marehemu kwa jambo asiloliweza, na aligundua kwa mshangao kwamba hakupata raha aliyoitegemea.

Jioni walikula. Meza ikayumba kati yao.

Alhamisi asubuhi alipofika, mkewe alikuwa ameshatangulia, amekaa juu ya ukuta upande wa mlango, ana msumari mkononi. Nguo kaifunga kiunoni. Nusu alipanda, akakaa mbali naye kidogo.

"Sijaja kukusamehe," mkewe akasema. "Nimekuja kwa sababu mvua haitanisubiri mimi nikusamehe."

"Sawa."

"Kazi niliyokwisha imaliza siipendi kuirudia."

"Najua. Pole."

"Shika tepu."

Kazi ya kushika ncha ya tepu ni kazi anayopewa asiyejua kazi. Huhitaji akili, unahitaji kidole. Nusu hakuwa ameifanya tangu alipokuwa anajifunza. Akaibana kwenye ncha ya mbao, pale kwenye mstari wa kwanza ambao randa haikuufikia, na mkewe akaondoka nayo, anatembea kwa makalio juu ya ukuta, Polepole akimfuata chini na ngazi kwa usalama. Tepu ikanyooka.

"Mia na ishirini," mkewe akaita, na msumari ukakwaruza. Mstari, halafu msalaba upande wa kulia, juu ya mbao nyeupe aliyoipiga randa yeye mwenyewe. Alikuwa na mkono mzuri. Hakusita, hakufuta. Nusu alimtazama na kuona kwamba angefanya kazi hii vizuri kuliko wengi anaowajua, na wivu wake, ambao tangu jana ulikuwa hauna makao, ukainua kichwa kidogo kutaka kuhamia huku. Akaujua. Akaucheka kimoyomoyo.

"Mia mbili na arobaini."

"Ile meza," Nusu akasema. "Tukihamia humu, nitaisawazisha miguu. Dakika kumi."

Msumari ukasimama. Mkewe hakugeuka.

"Iache hivyo hivyo," akasema.

Basi ilimchoma. Mtu akisema haikumchoma ni mwongo. Ilimchoma pale pale pa siku zote, na alijua kwamba katika nyumba hii, chini ya paa hili, atakula kwenye meza ile mpaka azeeke, bakuli likimkimbia, na kwamba hakuna randa ya kulimaliza jambo hilo. Ncha ya tepu ikamteleza kidogo chini ya kidole.

"Fundi, unaitikisa."

"Samahani," akasema. "Haya. Iko kwenye sifuri."

"Mia tatu na sitini," mkewe akaita, na Nusu akaibana tepu, asiitikise tena, mpaka walipofika upande wa upepo.